Kawa la Bure la Nyani

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa bado haujaamua kama ni wingu au ni maji, Digidigi na mkewe waligombana juu ya pishi mbili za mtama.

"Pishi mbili? Kwa kawa?" alisema mume. "Mtama ule ndio chakula chetu mpaka mvua. Nyani anatoa lake bure."

"Na Nyani anakula nini?" akauliza mkewe.

Mume akafanya wafanyavyo walioshindwa hoja: akapandisha sauti.

Ngojeni niwaeleze, wanangu. Siku hizo kila nyumba ya wanyama ilikuwa na bakuli la maji lililoitwa kivinjari. Ukiliinamia na kunong'ona unachotaka kukiona, macho yako yanatoka yanakwenda kuvinjari: yanapita juu ya mabonde, yanaingia masoko ya mbali, yanaona vilele vya theluji, na wewe umekaa jikoni kwako, miguu imo majivuni. Ilikuwa kama kuota huku umeamka. Lakini maji yakianza kutulia tu, purrr, kasuku wanaruka kutoka bakulini. Huyu anauza sabuni ya kwato. Huyu anauza viatu, jozi mbili kwa mpigo, maana mnunuzi ana miguu minne. Huyu anakuuliza kama hujachoka na huo mkia wako. Ndoto yote inavurugika.

Ndiyo maana wanyama wakaanza kufunika bakuli kwa kawa, kama lile la ukindu la kufunikia chakula, ila hili lilisukwa na matundu: jicho linapita, kasuku hapiti.

Wasukaji walikuwa wawili. Mnana, ndege mdogo mwenye bei kali ya zile pishi mbili, alikuwa na sharti: kabla hujalipa, ufumue mstari mmoja wa kawa, popote upendapo, kisha uusuke tena mwenyewe, ili uone kila ukindu unakotoka na unakokwenda. Wateja walilalamika kwamba sharti hilo linachosha. Nyani, bwana mkubwa wa jabalini, hakuwa na sharti lolote. Alileta kawa mpaka mlangoni, akaliweka mikononi mwako, akakuita jirani. Na kwa desturi ya huko zawadi haipinduliwi ikatazamwa tumboni. Ukifanya hivyo umemwambia mtoaji kwamba ni mwizi.

Basi mume akashinda ugomvi. Likaingia kawa la Nyani.

Sasa, Bi Digidigi alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa karibu. Mtoto wake wa kwanza aliliwa na Chui, kwa sababu pa kujifungulia palijulikana. Safari hii alitaka mahali ambapo hata mumewe hapajui. Kila alasiri alilifunika bakuli, akanong'ona. Kasuku hawakutoka. Kimya, shwari. Macho yake yakaelea juu ya nyasi za rangi ya asali, yakafuata kijito, yakafika kwenye mkwaju ulioinamisha matawi mpaka chini, kama mwanamke anayeosha nywele. Ndani palikuwa na kivuli cha kijani. Akatabasamu. Hakumwambia mtu.

Kesho yake akakutana na Chui njiani, akamwamkia.

"Marahaba, binti," Chui akasema. "Naona siku zimekaribia. Ule mkwaju wa kijitoni una kivuli kizuri, au siyo? Nyama italala vizuri pale. Mtoto, nilitaka kusema."

Uso wa Bi Digidigi haukubadilika. Alimshukuru kwa ushauri, akaenda nyumbani polepole, kwa maana ukikimbia mbele ya Chui umemkumbusha kwamba wewe ni chakula.

Nani kasema? Aliyeambiwa ni bakuli peke yake. Hakumlaumu mtu. Alitega. Alifunga mlango, akaliinamia bakuli, akanong'ona kitu ambacho hakuna kiumbe aliyewahi kukitaka tangu dunia iumbwe: kofia ya kumvalisha konokono wakati wa mvua.

Asubuhi, hata uwanja hajaufagia, kasuku akatua uani. "Bi Digidigi! Kofia za konokono zimeingia! Nyekundu zipo, za bluu zipo!"

Hapo akavunja desturi. Akalipindua kawa la Nyani, akalitazama tumboni.

Uzi. Mwembamba kuliko wa buibui, umetoka ukingoni mwa kawa, umepenya ukuta, umevuka uwanja ukiwa umeshika umande kama shanga, umekwenda moja kwa moja jabalini. Na pale jabalini zilikutana nyuzi za nyumba zote za bondeni, zimetanda, zinang'aa, nzuri ajabu, kama mvua iliyosahau kuanguka. Katikati amekaa Nyani, anavuta, anapima kwa mkono, anafunga mafundo. Kila fundo lilibeba siri ya mtu. Aliyelipa alipewa fundo, akaenda kulifungua kwake, akasikia yote.

Mume alitaka kuukata uzi kwa meno, halafu aende akampige Nyani, ambaye kiganja chake ni kikubwa kuliko kichwa cha Digidigi.

"Usiukate," mkewe akamwambia. "Ukiukata, atajua tumejua. Mtazame anavyofunga. Anasikiliza?"

Nyani alikuwa anapiga miayo. Nyuzi zilikuwa nyingi mno. Hakusikiliza hata moja. Alifunga akauza, alifunga akauza. Ndiyo maana aliweza kuapa mbele ya yeyote kwamba hajui siri ya mtu, wala asiwe amesema uongo.

Bi Digidigi akapeleka mtama kwa Mnana. Akafumua mstari, akausuka upya kwa meno na kwato, huku Mnana akimcheka na kumwambia amekwishaona vibaya kuliko hivyo. Mnana hakumficha: wapo kasuku wajanja watakaopenya hata hapa, lakini kawa hili halina mdomo.

Chini ya kawa hilo Bi Digidigi akatafuta mahali pengine. Msiniulize ni wapi, maana hata mimi sipajui.

Kisha akalirudisha bakulini kawa la Nyani, akanong'ona kwa sauti ya mama aliyechoka: "Nionyeshe pango la nyuma ya jabali la Nyani. Mwisho kabisa, kwenye majani makavu. Manyunyu yakianza nitajifungulia humo. Chui hawezi kupadhania."

Uzi ukatikisika. Nyani akapiga miayo, akapima, akafunga fundo. Akamwuzia Chui kwa paja la swala, akala, akashiba, akaingia pangoni kwake kulala kwenye majani makavu.

Manyunyu yakaanza. Nya, nya, nya. Ukungu ukashuka mpaka jabali likaonekana linaelea. Chui akaja kwa nyayo za pamba, akaingia pangoni, akafika mwisho kabisa, akapapasa. Hakuna mtoto. Yupo Nyani, tumbo wazi, anakoroma.

Nyani alipofumbua macho, mlango wote ulikuwa mabega ya Chui. Akasema kwa kigugumizi kwamba hapa ni kwake, kwamba pametokea kosa, kwamba yeye hakusikiliza neno, alifunga mafundo tu. Ulikuwa ukweli mtupu, na haukumfaa kitu.

Wanangu, auzaye milango ya wenzake, na wake umo katika bei.

"Sikukuuliza kama ulisikiliza," Chui akasema. "Nilikulipa paja zima kwa nyama iliyomo humu. Nipe nyama yangu."