Kuku wa Siwema na Tumbo la Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia kama hajala? Itikieni kwa tumbo zima! Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale paliondokea mwanamke mmoja akiitwa Siwema. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Tunu. Alimpata mvi zikiwa zimekwisha kuchungulia, basi alimpenda, akampenda, akampenda mno. Mahindi ya Tunu aliyatwanga, akayakoboa, akayapepeta, hata unga ukawa mweupe pe. Pumba akawatupia kuku.

"Mwanangu hali pumba," alisema. "Pumba ni za kuku."

Kuku wa Siwema walinenepa, jamani, wakawa wanatembea kwa taabu!

Mwaka ule Tunu ndiye aliyechaguliwa kufungua ngoma ya mavuno. Ilikuwa desturi ya kijiji mtoto mdogo avishwe njuga miguuni, atangulie uwanjani, watu wazima wafuate nyuma. Njuga zake zilitundikwa ukutani, na kila alipopita alizitikisa. Cheng! Cheng! Cheng!

Mara Tunu akaacha kuzitikisa. Tumbo lilijaa, likakaza kama ngoma iliyowambwa. Siku moja alikwenda kujisaidia akaumia, na tangu hapo akaogopa. Haja ikimjia, anajificha nyuma ya mlango, anabana miguu, anakunja uso.

"Mama, tumbo!"

"Kajaribu, mwanangu."

"Sitaki, mama, linauma!"

Siwema alipoona mtoto hachezi, hacheki, hata njuga hazitazami, roho ilimuuma. Akambeba mgongoni, akashika njia kutafuta dawa, huku anaimba:

*Tumbo, tumbo, fungua mlango,*
*Tunu acheze, njuga zilie!*

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Mbona umebeba mzigo ulionuna?"

"Mtoto hapati choo, mzee. Nifanyeje?"

"Jambo dogo hilo! Mpe nyama na mifupa, basi. Mimi majani sijayagusa tangu nizaliwe."

Siwema alitaka kushukuru, lakini akatazama chini, pale Fisi alipojisaidia asubuhi. Lo! Vitu vyeupe, vikavu, vigumu kama chokaa!

"Ahsante, mzee, nitarudi," akasema. Hakurudi.

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta Sungura.

"Hujambo, Bwana Sungura? Mtoto hapati choo. Nifanyeje?"

"Mgombeze!" akasema Sungura. "Mwambie asipotoa leo, zimwi litakuja kumla!"

Tunu aliposikia habari za zimwi, akabana zaidi ya mwanzo. Siwema akatazama chini. Vidonge vitupu, vikavu kama mbaazi.

"Na wewe," akauliza, "nani alikutisha?"

Sungura akajikuna sikio, akatazama pembeni.

Akaenda, akaenda, akaenda. Safari hii aliona kwanza rundo katikati ya njia. Kubwa! Laini! Linafuka mvuke! Siwema akapiga vigelegele.

"Mganga wangu ni huyu!"

Bibi Tembo akatokeza kichakani, akacheka hata masikio yakapepea. "Karibu, mwanangu. Dawa sina, nina maswali. Pumba za mahindi unampa nani?"

"Kuku, bibi."

"Majani ya maboga unampa nani?"

"Mbuzi, bibi. Tunu anayatema."

"Na maji ya mtungini unampa nani?"

Hapo Siwema akasita. "Tunu nampa kidogo tu, bibi, asije akalowesha mkeka usiku. Akiona kiu nampa maziwa. Maziwa, na tena maziwa."

Bibi Tembo akanyoosha mkonga, akalipapasa tumbo la mtoto taratibu. "Basi kuku wako wanapata choo. Mbuzi wako wanapata choo. Mkeka wako ni mkavu, na mtoto wako naye amekauka."

Siwema akaangua kilio. Mapenzi yote yale, kumbe walifaidi kuku!

"Nyamaza, mwanangu. Mkeka ukilowa, si unaanikwa juani? Nenda, unga usiukoboe. Mpe papai bivu, mpe mboga, mpe maharage. Maziwa yapunguze, maji uyazidishe. Akishakula, mkalishe, miguu ikanyage jiwe, umwimbie. Usimgombeze hata kidogo. Pole pole ndio mwendo. Na tumbo lisipolegea, mpeleke kwa waganga wa watu, usikae nalo nyumbani."

Siwema akarudi mbio. Akatwanga bila kukoboa. Kuku wakajipanga mbele ya kinu, wakangoja, wakangoja, wakangoja.

"Pumba zetu ziko wapi?" akafoka jogoo.

"Zimempata mwenyewe!" akajibu Siwema.

Mboga za maboga zilipoletwa, Tunu akafumba mdomo. "Chakula cha mbuzi!"

Siwema akatia tonge mdomoni, akatafuna, akalia, "Mee!" Tunu akatazama. Siwema akalia tena, "Mee!" Tunu akacheka kidogo, akachukua tonge, akatafuna. "Mee!" Wakala hivyo hadi sahani ikawa nyeupe, na mbuzi nje wakashangaa wanaitwa na nani.

Papai likaliwa, maji yakanywewa, mkeka ukalowa, ukaanikwa. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya, ila alijamba kidogo, na Siwema akashukuru kama aliyepewa ng'ombe. Siku ya tatu ilikuwa siku ya ngoma.

Watu wakajaa uwanjani, ngoma zikakaa tayari. Tunu hayupo! Wazee wakanong'onezana, "Tumvishe njuga mtoto mwingine?"

"Subirini, wazee wangu, nawaomba," akasema Siwema.

Tunu alikuwa nyuma ya mgomba, amekaa, njuga miguuni, nyayo zake juu ya jiwe. Siwema akaanza kuimba. Bibi mmoja akaitikia. Wakaitikia wawili. Kijiji kizima kikaitikia. Nanyi itikieni!

*Tumbo, tumbo, fungua mlango,*
*Tunu acheze, njuga zilie!*

Wakanyamaza, wakasikiliza. Nyuma ya mgomba kukasikika: cheng... Kisha: cheng, cheng... Kisha: cheng-cheng-cheng-cheng!

"Mama!" Tunu akapiga kelele. "Halikuuma! Njoo uone, kubwa kama la Bibi Tembo!"

Siwema akamnyanyua juu, anacheka, analia, anacheka. Akamsafisha, akamtua uwanjani, na Tunu akaifungua ngoma ya mavuno kwa miguu myepesi, kijiji kizima nyuma yake. Kule porini Bibi Tembo akapiga parapanda. Waliokataa kucheza ni kuku tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyebana na aachie, na mwenye kiu, mtungi ule pale.