Kwa Nini Wanawake Husukia Ukili Barazani

Sogeeni wote, mpeane nafasi. Haya nayasema kama nilivyoyasikia kwa bibi yangu, na yeye akifika kwa mbuzi alikuwa hajiwezi kwa kicheko.

Zamani hizo ukili haukusukwa nje. Ukili mnaujua, ule mkanda mrefu wa miyaa, majani ya kusukia, unaoshonwa ukawa mkeka. Kila mwanamke alisuka chumbani kwake, mlango umefungwa, jirani asije akaiba nakshi. Ukipita mitaani mchana ungedhani watu wamehama.

Katika mji huo alikuwapo Bi Mize, mjane, na binti yake mmoja tu, Raya. Raya alikuwa anaolewa, na bibi harusi hakutoka kwao bila mkeka uliosukwa na mamake. Harusi ilikuwa imekaribia, basi Bi Mize akajifungia asuke.

Chumba kilikuwa kidogo na ukili ukimzonga miguuni. Akautolea dirishani, ujianike nje huku yeye anaendelea. Mara akaona unavutwa, taratibu, unakwenda wenyewe. Akafurahi. Akasema, leo mkono wangu mwepesi.

Jioni akauvuta ndani. Ukaja kipande cha kufungia kuni.

"Mama, tangu asubuhi ulikuwa unafanya nini?" Raya akamuuliza.

"Nilikuwa nasuka."

"Unasuka nini?"

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Bi Mize akafukiza udi, akawatuhumu majirani kwa husuda, akamtuhumu hata paka. Raya akaanza kulia kwa siri, akijiona anakwenda kwa mume na kipande cha kamba.

Siku moja ukili ukavutwa kwa nguvu hata ukamponyoka mkononi. Bi Mize akatoka mbio, akaufuata nyuma ya nyumba, akapinda kona, mpaka mbele ya nyumba ya jirani yake, Bi Kazija. Hapo akamkuta beberu la Kazija limekaa kitako, limefumba macho, linameza mkeka wa harusi kama mtu anayekunywa uji.

"Kazija, toka nje. Mbuzi wako kamlia mwanangu mkeka."

Bi Kazija akachungulia mlangoni, akamtazama mbuzi wake. "Ndiyo maana," akasema. "Nami nilikuwa najiuliza, mbona siku hizi anatoa vitu virefu."

Sasa Bi Mize afanye nini? Arudi ndani, nani atamlinda mbuzi? Akachukua miyaa yake, akakaa barazani kwa Kazija, uso kwa uso na beberu. Kazija kwa aibu akatoka na ukili wake, akakaa upande wa pili, amempa mgongo ili wasiibiane nakshi. Hawakusemeshana. Huyu alisuka wake, yule wake. Lakini Bi Mize akisikia miyaa ya mwenzake inakwaruza, na yake inakwaruza. Kule ndani alikuwa akiinuka kila mara, mara chungu, mara maji, mara usingizi. Hapa aliona haya kuinuka kabla ya Kazija. Mkeka ukaisha, Raya akaolewa, na beberu likaingia kwenye pilau la harusi, na mkeka wake tumboni.

Harusi ilipokwisha, Bi Mize akajifungia tena asuke. Nyumba kimya. Hakuna Raya. Akasuka kidogo, akafumua, akasemesha paka, paka akatoka. Mwishowe akabeba miyaa yake, akaenda kukaa barazani kwa jirani.

Bi Kazija akafungua mlango. "Mize, unafanya nini hapa?"

"Namlinda mbuzi."

"Mbuzi tulimla. Wewe mwenyewe ulipewa paja."

"Najua," Bi Mize akasema, wala hakuinua macho. "Je, akirudi?"

Kazija akamtazama, akamtazama tena. Kisha akaingia ndani, akatoka na ukili wake. "Haya, jisogeze. Tumlinde sote." Safari hii hakumpa mgongo.

Na tangu siku hiyo wanawake husukia barazani, kila mmoja na ukili wake, kila mmoja na mkeka wake. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndani kuna joto. Msiwabishie. Nyinyi mnajua wanamlinda mbuzi.

Haya, nipeni miyaa yangu hiyo, na mimi zamu yangu imefika.