Bakuli Lililokuwa Likilia

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kabisa, maana hadithi hii nitaiachia njiani na nyinyi ndio mtakaoimaliza.

Kule Uchina, katika mji wa wafinyanzi wa mfalme, waliishi watu watatu wenye vipaji visivyofanana. Mzee Gao alijua udongo: akiufinya mara moja tu, anakwambia umechimbwa kilima gani. Pei alijua moto: alitema mate kwenye tundu la joko la kuchomea vyombo, akatazama yanavyokauka, akajua joto limefika wapi. Na Suyin alijua kuchanganya uji wa mawe na majivu ambamo chombo huchovywa kabla ya kuchomwa, ili kitoke na utando unaong'aa. Uji huo aliuonja kwa ulimi kama mpishi anavyoonja mchuzi.

Usidhani walikuwa watu huru. Mfinyanzi wa mfalme haondoki mjini mpaka afe, wala jina lake haliandikwi popote. Chini ya chombo huandikwa enzi ya mfalme tu. Suyin alikuwa amekaa pale miaka tisa. Siku alipochukuliwa, binti yake Meiyu alikuwa anajifunza kusimama. Kwao ni mwendo wa siku nne tu, na huo uchache wa siku ndio uliomuuma zaidi.

Basi siku moja mjumbe wa mfalme alileta bakuli la kale, la tangu enzi za wafalme waliokwisha kusahaulika. Lilikuwa la samawati iliyofifia, limejaa nyufa nyembamba kama nywele, na chini yake alama tano ndogo kama punje za ufuta.

"Mfalme anataka la pili," alisema mjumbe. "Chini msiandike kitu. Yakifanana, mmoja ataachiwa aende kwao. Yasipofanana, mtachapwa fimbo mia kila mmoja."

Fimbo mia! Mzee Gao alikuwa na miaka sabini.

Bakuli la kwanza lilitoka jeupe mno. Mzee Gao akalivunja, akatazama kigae, akasema, "Udongo wetu ni safi kupita kiasi. Unachungulia chini ya rangi." Akaenda mtoni akachota tope jeusi, lile ambalo ni marufuku kuingia kwenye chombo cha mfalme. Aliubeba udongo huo kifuani, ndani ya nguo, akipita mbele ya walinzi. Angepekuliwa, asingerudi.

Bakuli la pili lilitoka na mwili unaofaa, lakini rangi ilikuwa kali. Suyin akalitazama la kale siku mbili nzima asipate jibu. Siku ya tatu akafanya jambo ambalo hata kulisimulia naogopa: alilipindua bakuli la mfalme, akalilamba pale kwenye zile alama tano, mahali ambapo utando haukufika vizuri. Kukitia mdomo chombo cha mfalme ni kifo. Moyo ulimwenda mbio, lakini ulimi ukamwambia kilichopungua. Akaongeza majivu ya makapi ya mpunga.

Bakuli la tatu likaingia jokoni. Siku ya pili wachomaji wote wakasema moto umetosha. Pei akatema mate, akatazama, akasema, "Bado." Akakaa na jicho lake la kulia tunduni, akingoja saa yenyewe hasa. Moto ulipomrukia hakuondoka. Alipotamka "Sasa, zibeni!" jicho lile lilikuwa limekwisha kuungua.

Joko lilipopoa, mjumbe akawaita watatu hao ukumbini, akaweka mabakuli mawili mezani nyuma ya pazia, mtumishi wake akayachanganya. Pazia likafunguliwa. Mjumbe akatazama la huku, akatazama la kule, jasho likaanza kumtoka.

"La mfalme ni lipi?" akauliza. "Nauliza, ni lipi? Mkiipoteza hazina ya mfalme, ni shingo zenu!"

Ndipo ikasikika sauti ndogo: ting.

Wote watatu, bila kutazamana, wakanyoosha vidole kwenye bakuli la kushoto.

"Lile ndilo letu," alisema Suyin. "Utando mpya hupasuka nyufa kidogo kidogo, mheshimiwa, na kila ufa ukizaliwa bakuli hulia. Baada ya siku chache litanyamaza, na hapo hata sisi hatutalijua."

Mjumbe akashusha pumzi, akacheka. Akatoa cheti cha kuachiwa, chenye muhuri mwekundu na nafasi ya jina moja tu, akawasha kijiti cha ubani.

"Kikiisha kabla jina halijaandikwa, cheti nakirudisha."

"Sitawadanganya," alisema Mzee Gao. "Nataka kwenda. Nataka kuzikwa karibu na mke wangu."

"Jicho langu limebaki mle jokoni, Mzee," alisema Pei. "Hili moja lililobaki nalo wanataka likae tunduni?"

Kati yao, Suyin peke yake ndiye aliyejua kuandika. Wakampa kalamu. Mzee Gao akainama, Pei akageuza uso, na hakuna aliyemwomba aandike jina lake. Hilo ndilo lililomliza, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari kuandika jina lake mwenyewe. Meiyu sasa alikuwa msichana wa miaka kumi asiyeijua sura ya mama yake.

Kijiti kimebaki ukubwa wa ukucha. Mezani bakuli limelia tena: ting. Wino umeanza kukusanyika kwenye ncha ya kalamu, na kalamu hiyo sasa nakupa wewe unayenisikiliza. Udongo uliofichwa kifuani, ulimi uliolamba kifo, au jicho lililoungua? Haya, andika. Jina la nani?