Kifunikwacho Hakifunzi

Kifunikwacho hakifunzi. Mmelisikia neno hili juzi, Mama Mkunde alipomwambia mkwewe aliyeifungia cherehani yake mpya ndani ya nailoni, huku mwenyewe anashona kwa mkono. Mlicheka, kisha mkauliza limetoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii haikuachwa na mababu. Waliokuwa hai siku ilipotamkwa wengine bado wanakwenda ibadani kwa miguu yao. Ilizaliwa hivi.

Huku kwetu milimani Upareni, kunakolimwa tangawizi, alikuwapo mwalimu akiitwa Nakijwa. Mungu hakumjalia mtoto wa tumbo lake, lakini alimpa Namsifu, binti wa kaka yake, akamlea tangu mama wa mtoto alipofariki. Namsifu, angali anatambaa, aliangukia jikoni. Moto ukamla mikono yote miwili. Alipopona, vidole vilikuwa vimeshikana kama tunguu la tangawizi, vikabaki viwili tu vinavyonyooka, kimoja kila mkono.

Kichwa cha mtoto kilikuwa chepesi. Kalamu ndiyo ilikuwa nzito. Wenzake wakimaliza ukurasa, yeye bado anahangaika na kichwa cha habari, jasho linamtoka. Nakijwa alikuwa akimtazama kutoka mbele ya darasa, moyo unamuuma.

Mjini palikuwa na shule ya masista kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Huko mtoto asiyeiweza kalamu huandika kwa kompyuta mpaka anamaliza kidato cha nne. Lakini nafasi zilikuwa chache, na masista waliweka sharti: mtoto aje anajua kuandika barua fupi kwa mashine, na asiwe amevuka umri. Kwa Namsifu, mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Akikosa, basi.

Na Mungu si Athumani. Mwaka uleule, watu waliowahi kusoma katika shule ya Mwalimu Nakijwa wakachanga, wakaleta kompyuta. Zilipandishwa mlimani kwa trekta, zimefungwa katikati ya magodoro. Nakijwa alipoziona zikiteremshwa alipiga magoti palepale uani, akashukuru. Aliona mlango wa Namsifu umefunguka.

Kijana aliyezileta aliwaonyesha walimu namna ya kuziwasha. Akasema, "Haya, mwalimu mmoja ajaribu." Wakamsukuma Nakijwa, kwa kuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, aliyefundisha nusu ya kijiji. Akaketi. Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, tii.

"Mwalimu, umeiua!" akapiga kelele mwalimu mmoja, na chumba kizima kikaangua kicheko. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani nao wakacheka.

Haikuwa imekufa, ilizimwa tu. Lakini Nakijwa aliinuka pale kitini uso umemwiva, na tangu dakika ile akaziogopa mashine zile. Hakumwambia mtu.

Kikao cha walimu kilipoitwa, kila mmoja alisema lake. Mwalimu Mchome, wa hesabu, akasema, "Mimi nimefundisha kuzidisha kwa vijiti vya mhogo, na wanafunzi wangu leo wanatibu watu hospitalini. Sasa niambieni, hicho kioo kitanizidi nini?"

"Hakitakuzidi, baba," akajibu Mwalimu Senzota, aliyekuwa mdogo kuliko wote. "Kitakusaidia. Ila tukizitazama tu kama sahani za wageni, hazitamsaidia yeyote."

"Wewe na maneno yako ya chuoni!" Mchome akamtania. "Oa kwanza ndipo uje kutufundisha."

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akakata shauri. Kompyuta zisiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuzizindua. "Karamu hailiwi bibi harusi hajafika," alisema. Ufunguo wa chumba akampa Nakijwa, kwa kuwa alijulikana kwa utunzaji.

Kweli alitunza. Alinunua kitambaa cheupe na nyuzi, akakaa kudarizi kama mtu anayetayarisha sebule ya mkwe. Kila kompyuta akaishonea nguo yake: hii ina maua ya waridi, ile ina njiwa wawili, nyingine imeandikwa "Mungu ni Mwema." Mlangoni akafunga utepe mwekundu. Waliochungulia walisifu, naye sifa zikamtuliza. Ile hofu ilipata nguo nzuri ya kuvaa, ikaitwa utunzaji.

Somo hata hivyo alilifundisha. Alichora kompyuta ubaoni kwa chaki za rangi, watoto wakaimba: "Hiki ni kioo, hii ni kibodi, hiki ni kipanya!" Siku moja moja aliwaingiza chumbani, wamevua viatu, wamekunja mikono kifuani. Aliwafundisha kukunjua kitambaa bila kukiburuza, kufuta vumbi, kufunika tena. Namsifu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Shangazi, nitaigusa lini?" alimuuliza jikoni, wakimenya ndizi.

"Ikishazinduliwa."

"Hata kwa kidole kimoja?"

"Hata kwa kimoja. Kitu cha watu hicho, mwanangu."

Mgeni rasmi akasema atakuja baada ya mvua. Mvua ikaisha. Akasema baada ya mavuno. Siku ya kwenda kwa masista ilipokaribia, Senzota alimfuata Nakijwa ofisini, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba ufunguo. Nitamfundisha Namsifu peke yake, jioni. Ana vidole viwili. Kwa kibodi vinatosha kabisa."

"Marahaba. Na ikizimika mikononi mwako, nani atajibu?"

"Ikizimika tutaiwasha, mwalimu."

Jibu lile lilimchoma, kwa kuwa yeye hakujua kuiwasha. Aliona mbele yake Namsifu anaandika harakaharaka, kisha anageuka na kusema, "Njoo, shangazi, na wewe uandike." Angejibu nini? Akautia ufunguo kifuani. "Masista wataelewa," akasema. "Mtoto anazijua sehemu zote kwa majina."

Wakaenda. Sista Ludovika, aliyekuwa akipokea watoto, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimketisha Namsifu mbele ya kompyuta iliyowashwa. Nakijwa alisimama mlangoni.

"Haya, binti. Niandikie barua fupi. Nieleze kwenu wanalima nini."

Namsifu alivua viatu kwanza. Akakunja mikono kifuani. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Hiki ni kioo. Hii ni kibodi. Hiki ni kipanya."

"Vizuri sana. Sasa andika."

Mtoto alitoa leso yake, akafuta kioo taratibu kutoka juu hadi chini, hakuacha pembe. Akafuta kibodi. Akatazama huku na huku, kama anayetafuta kitu.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kitambaa chake, Sista. Niifunike."

Sista akamsogelea. Akauchukua ule mkono wa kulia, akakiweka kidole juu ya kibodi. Namsifu akauvuta mkono kwa hofu, kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Haijazinduliwa," alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Nani amekufundisha?"

"Shangazi. Yule pale."

Sista Ludovika alitoka nje na Nakijwa. Hakugomba. Alisema, "Mwalimu, umemfundisha adabu ya kompyuta. Kompyuta yenyewe hukumfundisha."

"Nipe mwezi mmoja tu, Sista. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Kitanda kimoja ndicho kimebaki, na kuna mtoto nyuma yenu. Akijua, ni chake."

Mtoto huyo alikuwa msichana asiyesikia, ametoka tambarare. Aliketi, akaandika. Nakijwa alizisikia zile herufi zikigongwa, ta ta ta, akamshika Namsifu mkono wakaondoka.

Wakati wa kurudi, walipumzika kwenye maporomoko ya maji, chini ya kijiji. Nakijwa alilia, amejifunika uso kwa kanga. Namsifu alikaa karibu naye.

"Usilie, shangazi. Vile vitambaa ni vizuri, hata Sista hana vya namna ile." Akatia mikono yake majini. "Ila kifunikwacho hakifunzi."

Hakusema kwa kebehi. Alisema polepole, kama anayesoma jibu ubaoni. Nakijwa alitamani mtoto angemtukana.

Kesho yake asubuhi alikata ule utepe kwa kisu cha jikoni, akavua vitambaa vyote.

"Na mgeni rasmi je?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Atawakuta watoto wanaandika."

Akamwita Senzota, akaketi pamoja na watoto, akajifunza. Walimcheka alipokosea, naye akawaacha wacheke. Hata Mchome alikuja baadaye, akisema amepita tu, akaketi mpaka kengele. Namsifu alijua kuandika kabla ya mwezi kuisha, kwa vidole vyake viwili, haraka kuliko shangazi yake.

Nakijwa alirudi kwa masista na habari hiyo. Sista alimpokea vizuri, akampa chai. Lakini kitanda kilikuwa na mwenyewe, na mwakani umri wa Namsifu usingekubali.

Watoto wengi wamepita katika chumba kile, na wamefika mbali. Namsifu alibaki. Aliosha tangawizi mtoni pamoja na wanawake wengine, akaolewa, akazaa. Nakijwa alimwomba Mungu msamaha, na aliamini amesamehewa. Alimwomba na Namsifu pia. Naye akajibu, "Nilishasahau, shangazi." Lakini watoto wake walipoanza shule, alikuwa akiwapeleka hadi getini tu. Katika chumba kile hakuingia tena, hata Nakijwa alipomshika mkono na kumbembeleza.

Neno lake likashuka mlimani. Kwanza walilisema walimu, wakibishana juu ya jambo jipya. Kisha akina mama sokoni. Sasa mnalisikia kila mahali, hata kwenye cherehani. Na Nakijwa, mpaka anastaafu, likisemwa mbele yake hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, ni kweli," akatoka nje.

Kwa hiyo mkilisikia tena, wanangu, msicheke upesi. Imo mikono ya mtoto ndani ya neno lile. Kifunikwacho hakifunzi.