Tone Jichoni mwa Kuku

Ndugu zangu, leo nimechoka, mtanivumilia. Nitawapa kisa kimoja tu, kisha mwende zenu mkapike.

Kulikuwa na bibi mmoja mfuga kuku. Kuku wenyewe wa kienyeji, wale wa kujitafutia uani, lakini yeye aliwatunza kama mboni ya jicho. Binti yake alikwenda kufanya kazi mbali, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Basi bibi akawa analea tena uzeeni. Jioni magoti yanawaka moto, mgongo haunyooki, na mtoto ndiyo kwanza anataka kubebwa. Alichoka, jamani. Alichoka uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukiingia unakuta banda limejaa, unaacha manyoya. Kwa hiyo siku ya chanjo kila nyumba ilifungia kuku wake tangu alfajiri, na bibi yule ndiye aliyezunguka na kichupa cha dawa. Anamshika kuku, anamlaza kichwa kiganjani, tone moja jichoni, anasubiri apepese, anamwachia. Magoti yakimzidi, anageuza ndoo, anaikalia, anaendelea. Hakuruka nyumba hata moja, maana kuku wa huyu wanakula kwa yule.

Siku moja jirani yake akasimama mbele ya mlango wa banda, hataki kufungua.

"Wangu usiwaguse," akasema. "Safari iliyopita walishinda wamezubaa kutwa nzima. Na nimesikia dawa hiyo inawafanya wasitage."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Umesikia kwa nani? Kwa jogoo? Shoga, kuzubaa kutwa moja ni dawa inafanya kazi. Mdondo hauzubaishi, unamaliza. Fungua mlango bwana, nimechoka miye."

Jirani akafungua. Nani angebishana naye?

Sasa nisikilizeni. Wiki hiyohiyo akaja mhudumu wa afya wa kijiji, binti mmoja aliyezoea kupita nyumba kwa nyumba. Akamkuta bibi uani, anawamwagia kuku pumba.

"Shikamoo bibi. Mjukuu ametimiza miezi tisa, na chanjo ya surua hajapata."

"Marahaba mwanangu. Simpeleki."

"Kwa nini, bibi?"

"Ile ya mwisho ilimpandisha homa. Alilia usiku kucha, paja limevimba, na mgongo uliombeba ni huu wangu. Halafu watu wanasema mengi juu ya hizo sindano. Hebu niache kwanza nipumzike."

"Homa ile ni ya siku moja mbili, bibi, mwili unajifunza kupigana. Surua haiondoki hivyo. Na kama ni kumbeba, nipe mimi, nitamfunga mgongoni twende."

"Tutaona," bibi akasema.

Mnaijua hiyo "tutaona". Tunaisema sote tukiwa hoi. Msidhani hakumpenda mtoto. Alimpenda kuliko kuku wote wa dunia. Binti wa watu akarudi tena mwezi uliofuata, akajibiwa vilevile, akaenda zake.

Surua ikaingia kijijini. Kwa mtoto ilianza na mafua na macho mekundu, bibi akadhani ni vumbi. Vipele vilipotoka, homa ilikuwa imeshapanda, na walipofika hospitali mtoto hawezi hata kufumbua macho. Bibi akalala chini sakafuni, juu ya kanga, kando ya kitanda, anaomba maombi yaleyale: "Mungu wangu, nichukue mimi."

Mungu akamwachia mtoto. Homa ikashuka, mtoto akaanza kunywa uji kwa kijiko. Asubuhi moja nesi akaja na dawa ya macho. Akamlaza mtoto kichwa kiganjani, akadondosha tone moja jichoni, akasubiri apepese.

Bibi akaitazama ile mikono. Kazi ile aliijua.

"Ataona?" akauliza.

"La kulia litaona," nesi akasema taratibu. "La kushoto, bibi yangu, surua imeliharibu, tumechelewa."

Pale wodini hakulia. Walirudi nyumbani, akamshusha mtoto uani, kuku wakaja mbio kama kawaida yao. Wazima wote, wananenepa, mwaka ule hakufa hata mmoja. Mtoto akacheka, akanyoosha mkono amshike kifaranga aliyekuwa mbele yake, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa. Bibi akaivuta ile ndoo, akaikalia, ndipo akalia.

Ndugu zangu, yule bibi alikuwa mjinga? Ujinga gani? Alijua kila kitu, mpaka akamfundisha jirani. Nguvu zake zote ziliishia bandani, na zilipofika kwa mtoto zikawa zimekwisha.

Na sisi je? Ng'ombe tunachanja, mbwa tunachanja. Wewe mzee wangu unayesema chanjo ni mambo ya watoto, umewahi kumuuliza daktari umri wako unahitaji zipi? Mama mjamzito, sindano ya pepopunda unaikimbia kwenda wapi? Na wewe baba, binti yako aliletewa shuleni chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, ukakataa, ukasema wanataka kumharibia uzazi. Umesikia kwa nani? Kwa jogoo?

Kuogopa si dhambi. Una wasiwasi, una maradhi mengine, mtoto aliwahi kuzidiwa baada ya chanjo, nenda ukamwambie mtaalamu, naye atakueleza ipi inakufaa na ipi usubiri. Mradi uende.

Najua mmechoka. Mimi mwenyewe nimechoka. Nimechoka kuitwa wodini niwawekee mikono watoto ambao mama zao walisema "tutaona". Mnaniita mimi mwisho, wakati yule binti wa afya mlimwacha amesimama uani.

Basi leo sitaomba maombi marefu. Zahanati inafunguliwa kesho asubuhi, na Mungu yuko huko pia. Kama mgongo wako hauwezi kubeba mtoto, nitafute hapo nje, nimpeleke mimi.