Pua ya Mwenye Nyumba

"Mzee, hii harufu wewe huisikii?"

Swali hilo liliulizwa jikoni, saa nne asubuhi. Aliyeuliza ni mpangaji, fundi cherehani, mtaani wakimwita Mama Kulwa kwa ajili ya pacha wake wa miaka miwili. Aliyeulizwa ni mwenye nyumba, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu ambaye enzi zake akiingia darasani hata chaki iliyovunjika haikumpita.

Mzee huyu alijenga nyumba tatu za kupangisha, za kisasa: mtungi wa gesi uko nje, bomba limepita ukutani, jiko unalikuta tayari. Miaka sita, hajaita fundi hata mara moja kuyakagua majiko hayo. Amwite wa nini? Mkaguzi si yeye?

Basi akasimama mlangoni, viatu miguuni, akavuta pumzi mara mbili.

"Hapa hakuna kitu, Mama Kulwa. Ni rangi mpya hiyo."

"Rangi ilipakwa Januari, mzee. Huu ni Juni! Nikifungua tu koki ya mtungi, harufu inaanza. Nimerudi kwenye mkaa, napikia nje na wanangu hawa."

"Na mkaa wako usinichafulie ukuta. Nimekagua shule mia mbili mimi, jiko moja litanishinda? Kama nyumba imekuchosha, sema. Wanaoitaka wako wengi."

Ndugu zangu, hebu niambieni. Mama anakwambia wanawe wako hatarini, wewe unamtajia foleni ya wapangaji? Hayo ni majibu?

Mzee akarudi kwake, ameridhika kabisa. Mkewe alikuwa hajarudi kutoka sokoni, na njaa inauma, akaona sufuria ya maharage pale kibarazani. Akajipakulia sahani, akala. Alipofika katikati, mkewe akaingia getini amejiziba pua kwa ncha ya khanga.

"Wewe baba! Unakula nini?"

"Maharage. Matamu kweli."

"Matamu? Hayo yamechacha tangu jana, nimeyatoa nje nikayamwage! Harufu imefika barabarani. Wewe huisikii?"

Mzee akainamisha uso hadi kwenye sahani. Hakusikia kitu. Akakata kitunguu, akanusa. Akafungua chupa ya mafuta ya taa, akanusa. Ni kama ananusa maji.

Mkewe akapunguza sauti. "Ni yale mafua ya Pasaka, mume wangu. Tangu hapo hujanilalamikia hata chakula kikiungua. Nilidhani umekuwa mpole."

Lakini mzee hakucheka. Akilini alikuwa amerudi kwenye jiko lile, mlangoni pale, akivuta pumzi mara mbili kwa pua iliyokufa. Akashika simu.

"Mama Kulwa! Funga mtungi! Usiguse swichi yoyote! Watoe watoto nje, nakuja na fundi!"

"Mtungi nilishaufunga, mzee," akajibu mama. "Watoto wako nje tangu asubuhi. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Fundi wa gesi akapaka povu la sabuni kwenye kiungio cha mpira nyuma ya jiko, akafungua koki kidogo. Povu likatutumka kama maziwa jikoni. Mpira ukabadilishwa siku ileile, na nyumba zile mbili nyingine zikapimwa. Jioni Mama Kulwa alisonga ugali ndani ya nyumba yake, na mzee akaomba kijiko cha mboga, kwa aibu, akapewa.

Pua yake haijapona hadi leo. Nyumba zake ziko salama, kwa sababu sasa fundi anakuja kila mwaka, na mpangaji akisema kuna harufu, mzee habishani.

Sisi je? Sisi tunaopangisha, hata kama ni chumba kimoja cha uani, tunasimama mlangoni dakika mbili halafu tunamfundisha aishiye ndani hali ya nyumba yake! Tunapokea kodi kwa jina la Bwana, tunambariki mpangaji, na mpira wa gesi una umri mkubwa kuliko mtoto wake. Mungu ametukabidhi watu, jamani, sio kuta. Na kurekebisha kunawezekana; mzee yule alihitaji mchana mmoja tu na povu la sabuni.

Naomba jambo moja. Ukitoka hapa, mpigie mpangaji wako, umuulize jikoni kukoje, na umwamini. Kesho mpelekee fundi.