Siku Chausiku Alipojificha Kihengeni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Mnadaiwa nini, mbona mnajibu kwa kunong'ona? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, njaa ikipita nyumba kwa nyumba kama mgeni asiyeaga, palikuwa na mwanamke, Chausiku. Alikopa vikapu vitatu vya mbegu ya mtama kwa Mzee Fumbwe. Akapanda. Mvua ikakataa. Mtama ukakauka, deni likabaki bichi.

Fumbwe akamtuma mdai, jitu la mabega mapana, lisilobisha hodi. Fimbo mlangoni: ko, ko, ko! Chausiku akisikia, huyo, mbio, tumbukwi ndani ya kihenge kitupu cha nafaka! Binti yake akifungua: "Mama hayupo." Leo hayupo, kesho hayupo. Mwanamke mpana kuliko mlango wake, hayupo!

Jirani yake alikuwa Bibi Nunu, yule ambaye hadi leo watu wa kule wakigombana husema, laiti Nunu angekuwepo. Akamshauri amwendee Fumbwe mwenyewe, amweleze alichonacho na asichonacho.

"Nimwendee na uso gani, bibi?"

"Huo huo unaouficha. Una mwingine?"

Chausiku akacheka, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho.

Siku hizo mama yake alikuwa mgonjwa ng'ambo ya bonde, na Chausiku alikuwa ameagiza: hali ikibadilika, niiteni.

Sasa, kwao, mjumbe wa habari nzito habishi hodi. Hugonga kwa fimbo. Hamwambii mtoto, hamwambii jirani. Humwambia mwenyewe, uso kwa uso. Asipomkuta, huondoka.

Ko, ko, ko! Chausiku kihengeni. "Mama hayupo." Mjumbe akaondoka.

Kesho yake, ko, ko, ko! Chausiku kihengeni. "Mama hayupo." Mjumbe akaondoka.

Siku ya tatu Bibi Nunu akamwona mjumbe njiani, miguu mitupu, majivu kipajini, alama ya msiba. Akamtangulia, akaingia ndani kwa Chausiku, akafunua kihenge.

"Toka, mwanangu. Huyu hadai kitu."

Mjumbe akamwambia uso kwa uso: mama yake alikuwa amemwita siku mbili. Alizikwa asubuhi ile.

Chausiku alibaki amesimama mle kihengeni, makapi ya mtama kwenye nywele, na hakuna aliyecheka.

Desturi ilimpa siku saba za matanga bila kudaiwa. Zilipoisha, Bibi Nunu akamshika mkono, wakaenda kwa Fumbwe. Walimkuta akisuka mkeka.

"Shikamoo, mzee. Vikapu vyako vitatu ninavyo shingoni. Mtama sina. Nina kunde, kibaba kimoja kila wiki, na mikono hii nikupalilie mpaka mavuno."

Fumbwe akasuka kidogo, akanyanyua macho.

"Marahaba. Hizo kunde nazipokea. Ungeniambia hivi tangu mwezi ule, nisingemtuma mtu mlangoni kwako."

Hapo ndipo Chausiku alipolia. Kumbe maneno yenyewe yalikuwa mafupi kiasi hicho. Bibi Nunu hakumwambia nyamaza. Aliketi naye chini, akamfuta uso kwa upindo wa nguo yake, akamfuta tena, mpaka jua likashuka.

Jamani, ukidaiwa na huna, tangulia wewe kwenda kugonga. Ukijificha usionwe na anayekudai, hata anayekuhitaji hakuoni.

Ngano yangu nimeitua hapo.